Shukrani Hupimwa Februari

Mwenye kutaka kujua kama Wakristo wa Songwe wamemshukuru Mungu kwa Krismasi asiwatazame tarehe 25 Desemba, awatazame Februari. Desemba kila mtu anashukuru. Makanisa ya Tunduma, Vwawa na Mlowo yanajaa mpaka watu wanasimama nje ya milango, kwaya zinapendeza katika sare mpya, mkesha wa Mwaka Mpya unaanzia kwenye shuhuda na kuishia kwenye vigelegele, na bahasha za sadaka ya shukrani zinajaza vikapu. Kisha mapambo yanashushwa, wageni wanapanda mabasi kurudi Mbeya na Dar es Salaam, na ile furaha inapoa siku hadi siku. Mjadala huu unauliza shukrani ile inakwenda wapi. Jibu langu ni kwamba tumeiachia hisia ibebe mzigo unaohitaji utaratibu. Shukrani ya Kikristo ni wajibu wenye siku yake, mahali pake na mtu wa kuupokea. Ikikosa vitu hivyo vitatu haivuki Januari, hata kama moyo uliowaka mkeshani ulikuwa wa kweli kabisa.

Ugumu wa jambo hili Songwe unaanzia kwenye kalenda yenyewe. Mkoa huu, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una msimu mmoja wa mvua. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Mahindi ya Mbozi na ufuta wa Momba huvunwa mvua zikishakatika, na kahawa huchumwa katikati ya mwaka. Kwa hiyo Krismasi inatukuta na jembe mkononi: mahindi bado machanga, palizi inaendelea, mbolea ya kukuzia inadai fedha, na akiba ya mavuno yaliyopita inapungua. Januari shule zinafunguliwa. Elimu bila ada imekuwapo tangu mwaka 2016, lakini sare, viatu na madaftari havikufutwa na waraka wowote. Ikifika Februari, ghala za kaya nyingi zinaonyesha sakafu. Ulaya ya kaskazini, walikotoka wamisionari waliotuletea kalenda hii, Desemba huja baada ya mavuno, na Krismasi yao ni ya watu ambao ghala zao zimejaa. Hata siku ya shukrani ya Wamarekani, aliyoitangaza Rais Abraham Lincoln kitaifa mwaka 1863, imewekwa Novemba, nafaka ikiwa imeshaingia ndani. Sisi tunaimba wimbo uleule tukiwa mlangoni mwa miezi ya upungufu. Ndiyo maana shukrani yetu inahitaji nguzo imara kuliko za wenzetu, na ndiyo maana wanaoitilia shaka wana haki ya kusikilizwa mmoja mmoja.

Mfanyabiashara wa Tunduma: "Ndugu mwandishi, hapa ni mpakani. Malori ya shaba kutoka Kongo na Zambia hayajui Krismasi wala Pasaka. Mimi nimekesha kanisani, nimetoa sadaka yangu ya shukrani, nimemalizana na Mungu wangu kwa mwaka huu. Januari ni mwezi wa kutafuta, na anayetafuta hana muda wa kukaa chini akishukuru."

Ndugu yangu, hakuna anayekudai muda zaidi. Kinachodaiwa ni namna unavyoutumia muda ulio nao, yaani biashara yenyewe. Nabii Amosi, katika sura ya 8 ya kitabu chake, aliwakuta wafanyabiashara wa Israeli wakiwa ndani ya sikukuu kwa miili tu. Mioyo yao ilikuwa ikihesabu saa, ikingoja mwezi mwandamo na sabato vipite wafungue ghala, wapunguze kipimo, wapandishe bei na kuwanunua maskini kwa fedha. Nabii hakuwalaumu kwa kuruka ibada, maana ibadani walikuwapo. Aliwashtaki kwa walichokuwa wakikipanga kukifanya sikukuu ikishakwisha. Andiko hilo lina zaidi ya miaka 2,700, na bado linatufikia sokoni kwetu. Lumbesa, ule ujazo wa kupita kipimo halali ambao sheria ya vipimo inaukataza, inamnyang'anya mkulima sehemu ya jasho lake mchana kweupe. Mkopo wa debe la mahindi linalotolewa mtu akiwa na njaa ili lilipwe kwa gunia zima wakati wa mavuno ni wizi uliovaa joho la msaada. Kununua kahawa ingali mtini kwa bei ya kutupa, kwa kuwa mwenye shamba anatafuta sare ya mtoto, ni vilevile. Na yule anayebadilisha kwacha kwa shilingi akampa mgeni asiyejua bei kiwango cha kumuumiza, amefuta kwa mkono mmoja sadaka aliyoitoa kwa mkono mwingine. Mfanyabiashara Mkristo hahitaji kufunga duka ili ashukuru. Mizani yake ya Februari ikiwa sawa na ya mkesha wa Mwaka Mpya, ameshukuru, na shukrani hiyo ina mashahidi wengi kuliko bahasha.

Mama mkulima wa Mbozi: "Mwanangu, hayo ya mizani mwambie mwenye duka. Mimi nina debe la mwisho la mahindi ndani, na wajukuu wanataka kula. Kila mwaka tunaambiwa tushukuru kwa tulicho nacho. Naona wanaotuambia hivyo wanataka tunyamaze."

Shikamoo, mama. Pingamizi lako ndilo zito kuliko yote katika mjadala huu, na sehemu yake kubwa ni kweli tupu. Neno "shukuru" limetumika mara nyingi kumfunga mdomo mtu mwenye haki ya kulalamika. Maandiko yenyewe hayafanyi hivyo. Kitabu cha Zaburi kimejaa vilio vya watu wanaomuuliza Mungu amewasahau mpaka lini, na vilio hivyo viliimbwa hekaluni pamoja na nyimbo za shukrani, wala hakuna aliyeambiwa amekufuru. Habakuki alitangaza furaha yake kwa Bwana hali akitaja wazi kwamba mtini hauna maua, shamba halikutoa chakula na zizi halina ng'ombe. Alishukuru bila kuficha hata pengo moja. Kwa hiyo mkulima anayedai mbolea ya ruzuku imfikie kabla mahindi hayajapita wakati wake, au anayedai malipo ya kahawa aliyoipeleka chama cha msingi, hajapungukiwa na imani. Anamshukuru Mungu kwa mvua, na mwanadamu anamdai haki yake. Mambo hayo mawili yanakaa katika kifua kimoja bila kugombana.

Tena, mama, tazama Torati inampa nani kazi ya kwanza ya kushukuru. Sura ya 23 ya Mambo ya Walawi ndiyo kalenda ya sikukuu za Israeli: Pasaka, mganda wa malimbuko, sikukuu ya majuma, na nyinginezo. Katikati ya orodha hiyo, mara baada ya maagizo ya sikukuu ya majuma, inaingia amri ambayo kwa haraka ungedhani imepotea njia: mwenye shamba asivune mpaka pembeni kabisa, wala asiokote masazo, amwachie maskini na mgeni. Amri hiyo haikupotea. Imewekwa hapo kwa sababu ndiyo inayoonyesha sikukuu inavyopaswa kuendelea baada ya watu kuondoka hekaluni. Kumbukumbu la Torati, sura ya 26, inakwenda njia hiyohiyo. Mkulima analeta kapu la malimbuko, anasimulia mbele ya kuhani jinsi baba zake walivyokuwa wageni na watumwa, kisha anafurahi pamoja na Mlawi na mgeni aliye kwake. Wajibu unaanzia kwa mwenye kapu, unashuka kwa asiye na shamba. Tukianza kumhubiria shukrani mwenye debe la mwisho kabla hatujamuuliza mwenye magunia arobaini ameyafanyia nini, tumeigeuza amri ya Mungu juu chini. Wewe, mama, Februari hii ndiwe mtu ambaye shukrani ya wengine inapaswa kukufikia mlangoni.

Mhubiri: "Mpendwa, Bwana Yesu asifiwe. Mbona unaizunguka njia iliyonyooka? Waumini wafundishwe kwamba kushukuru ni kuomba tena. Anayetoa malimbuko ya Januari anafungua milango ya mwaka mzima. Akiona milango inafunguka, ataendelea kushukuru bila kusukumwa."

Amina, mchungaji. Ni kweli kwamba anayeshukuru anakiri chanzo cha alicho nacho, na anayekijua chanzo atakirudia. Ni kweli pia kwamba malimbuko ni fundisho la Biblia, na watu wengi huyatoa kwa moyo safi. Hatari inaingia pale shukrani inapofundishwa kama malipo ya awali ya baraka inayofuata. Hapo imekuwa biashara, nayo biashara hupimwa kwa faida. Mtu aliyetoa mshahara wake wa Januari akitazamia milango ifunguke, kisha Machi ikamkuta na deni lilelile na mgonjwa yuleyule, atafanya nini? Wengi hawahami imani kwa kelele. Wanapoa tu, wakiamini kwamba hawakutoa vya kutosha au kwamba Mungu hakutimiza sehemu yake. Fundisho lililokusudiwa kuiwasha shukrani limeizima. Luka, katika sura ya 17, anasimulia habari za wakoma kumi waliotakaswa. Mmoja alirudi, naye alikuwa Msamaria, mgeni kwa dini na kwa kabila. Alipofika miguuni pa Yesu hakuomba kitu cha pili. Alikwisha kupata alichohitaji, akarudi kwa sababu kurudi ndiko kulikostahili. Wale tisa walikuwa na imani ya kuomba, na ombi lao lilijibiwa kama la yule mmoja. Walichokosa ni ile safari ya kurudi. Basi, mchungaji, tuwafundishe watu safari hiyo. Na kwa kuwa malimbuko ya Torati yaliishia kwenye meza aliyoketi mgeni, waumini wa Tunduma wana haki ya kuona malimbuko yao ya Januari yameketi kwenye meza ya nani.

Kijana msomi: "Ndugu mwandishi, nakubali habari ya haki. Lakini kinachofanywa kila wiki kinageuka mazoea, na mazoea huua moyo. Sikukuu ina nguvu kwa sababu huja kwa nadra. Mkitaka watu washukuru kila Jumatano, mtapata midomo inayosema asante na mioyo iliyolala."

Hofu hiyo ni ya haki, kwa kuwa midomo iliyolala tumeisikia sote. Lakini historia ya Ukristo wa eneo hili inashuhudia kinyume. Wamoravian waliofungua kituo cha Rungwe mwaka 1891, na baadaye wakaenea mpaka kwa Wanyiha wa Mbozi, walitoka katika kanisa lililoamshwa upya Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1727. Uamsho ule ungeweza kuisha kama mavuguvugu mengine yanavyoisha. Watu wa Herrnhut wakaanza kupokea neno moja la Maandiko kwa kila siku, likapelekwa nyumba kwa nyumba. Na kuanzia mwaka 1731 maneno hayo yakachapwa katika kitabu kwa ajili ya mwaka mzima. Kitabu hicho kimeendelea kutoka kila mwaka hadi leo, kikasomwa na watu wa lugha nyingi, wakiwamo Wamoravian wa nchi yetu. Karibu miaka 300 imepita. Hisia za mwaka 1727 zilizikwa pamoja na waliozihisi, lakini utaratibu wao mdogo wa kila asubuhi umewafikia wajukuu wa watu ambao wale wa Herrnhut hawakupata hata kujua kwamba wapo.

Wakatoliki wana ushahidi wao. Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mkutano wa shirikisho lao la AMECEA mwaka 1976, waliziweka jumuiya ndogo ndogo za Kikristo mbele katika uchungaji wao, na Tanzania ikalipokea jambo hilo kwa mikono miwili. Nyumba chache za mtaa mmoja hukutana kila wiki, husoma Injili, hujuana kwa majina na kwa matatizo. Mgonjwa hutembelewa kwa sababu jumuiya inajua anaumwa. Habari hiyo hisia za Krismasi haziwezi kukupa. Kanisa lenyewe, katika kalenda yake, halikubali kwamba sikukuu huisha jioni. Noeli huendelea mpaka Epifania na Ubatizo wa Bwana, na Pasaka huadhimishwa siku 50 mpaka Pentekoste. Sisi ndio tumeibana sikukuu ndani ya siku moja yenye pilau na nguo mpya.

Hata utafiti wa kisasa haupingani na hekima hiyo. Mwaka 2003 wanasaikolojia wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha majaribio ambamo baadhi ya washiriki waliandika kila wiki mambo waliyoyashukuru, na wengine wakaandika kero zao. Baada ya wiki 10, walioandika shukrani waliyaona maisha yao kuwa mazuri zaidi. Mwaka 2005 Sonja Lyubomirsky na wenzake walieleza kwamba waliohesabu baraka zao mara moja kwa wiki walinufaika, na waliofanya hivyo mara tatu kwa wiki hawakunufaika. Majaribio hayo yalihusisha zaidi wanafunzi wa vyuo wa Kimarekani, wala hayawezi kuwa sheria kwa mkulima wa Ileje. Hata hivyo, kijana wangu, yanakupa nusu ya ulichosema: kurudia kupita kiasi kunachosha. Nusu nyingine yanakunyima, kwa kuwa mara moja kwa wiki inatosha kuuweka moyo macho. Jumuiya ya mtaani inakutana mara ngapi? Mara moja kwa wiki.

Mzee wa kanisa: "Tuseme tumekubali yote. Sikukuu ya mavuno ipo. Waumini wanaleta mahindi, maharage, kuku na mikungu ya ndizi, tunapiga mnada, fedha inajenga kanisa na kuwatunza watumishi. Unataka nini zaidi?"

Mzee wangu, nataka jambo dogo, na ndilo linalokamilisha hoja yote. Kalenda yetu ina shukrani mbili zisizokutana: ya Desemba, yenye nyimbo nyingi na chakula kinachopungua, na ya mavuno, yenye magunia mengi ambayo mnada huyageuza fedha mchana mmoja. Tuziunganishe. Kila usharika, parokia na jumuiya itenge sehemu ya kumi ya nafaka iliyoletwa sikukuu ya mavuno, isinadiwe, ihifadhiwe mpaka Februari. Namna ya kuihifadhi tunayo: mifuko ya kinga njaa isiyopitisha hewa huzuia dumuzi na wadudu wengine kuharibu nafaka bila kutia dawa. Krismasi itumike kuandika majina ya watakaopokea, kwa kuwa ndipo watu wote wapo nyumbani na wanajuana hali. Februari mahindi yatoke, yapelekwe kwa mjane, kwa mzee aliyebaki na wajukuu, kwa kaya iliyouguza msimu mzima. Kwa njia hii siku za Krismasi ndizo zitakazoyaelekeza magunia ya Julai. Na kwa kuwa Kwaresima huanza Februari au mwanzoni mwa Machi, madhehebu yanayoiadhimisha tayari yana majira ya kufunga na kutoa yanayoangukia hapohapo penye haja.

Tunduma mjini, kwenye mashamba machache na vyumba vingi vya kupanga, utaratibu uleule unaweza kuchukua sura ya mpaka. Mgeni anayetajwa na Torati anapita hapa kila siku: dereva ambaye hati za mzigo zimemkwamisha mpaka fedha ya chakula ikaisha, mama mchuuzi wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aliyeibiwa mtaji, kijana aliyeshushwa kwenye lori bila nauli ya kumrudisha kwao. Kituo cha Huduma kwa Pamoja kilichozinduliwa mwaka 2019 kimeunganisha ofisi za nchi mbili. Makanisa ya pande mbili za mpaka huo, yanayomwabudu Mungu mmoja kwa lugha zinazosikilizana, hayashindwi kuunganisha mfuko mmoja wa msafiri, unaojazwa kila wiki na kufunguliwa hasa katika miezi ambayo sikukuu zimekwisha. Mzee ataniuliza, na jengo la kanisa je? Lijengwe kwa sehemu tisa zilizobaki. Paa likichelewa mwezi mmoja, halina dhambi. Lakini ibada ya Februari inayoimbwa chini ya paa jipya huku jirani akilala njaa ndiyo ile ambayo Amosi, katika sura ya 5, alisema Mungu anaichukia.

Huo ndio mwisho wa hoja yangu, na sasa namgeukia msomaji. Usingoje azimio la sinodi wala waraka wa askofu. Jumuiya yako ikikutana wiki hii, ulizeni maswali matatu: ni siku gani tutashukuru baada ya sikukuu, tutafanyia wapi, na nani atapokea? Andikeni majibu, mkabidhini mtu mmoja ayasimamie, na mavuno yajayo tengeni sehemu ya kumi kabla dalali hajaanza kunadi. Aliyepokea Desemba akasahau Februari hajashukuru bado, na nafasi ya kurudi, kama alivyorudi yule Msamaria, ingali wazi kwake.